Re: Nataka kubobea magonjwa ya kuambukiza ya watoto, naweza kuruka MMed?

Hongera kwa kumaliza intanishipu dogo. Kuruka MMed (shahada ya uzamili ya udaktari bingwa) haiwezekani, bila ubingwa wa watoto hakuna atakayekupokea huko mbele. Pale MUHAS (chuo kikuu cha afya Muhimbili, Dar) ni miaka 3, halafu ndo ubobezi. Wengi huku tunaangalia Cape Town, kuna programu ya APFP chini ya chuo kikuu chao inachukua madaktari wa watoto toka nchi za Afrika, ila taasisi yako ndo inakupendekeza na ukimaliza unatakiwa urudi, kwa hiyo anza kuongea na bosi wako mapema na mkataba usome wote kabla hujasaini. Marekani ni residensi (mafunzo ya ubingwa) miaka 3 na feloshipu (ya ubobezi) mingine 3, hapo USMLE, mitihani yao ya leseni ya udaktari, bado, hela ndefu.

Kazi yenyewe sasa: unaitwa wodi ya vichanga, kalcha ya damu (kipimo cha kuotesha vijidudu) imeotesha bakteria Klebsiella, antibayotiki ya seftriaksoni haiwagusi, wote wanakuangalia wewe na dozi unapiga hesabu kwa kilo za mtoto. Kama mambo ya maabara yanakuboa, usiende.

Wakala akitaka hela akupe nafasi, kimbia. Mambo ya usajili kaulize Baraza la Madaktari wenyewe, sio kwenye magrupu.