Ukikuta hitilafu, ukaseme wapi?

Mbukwenyi! Safari hii maswali yenu ni ya programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake (maandishi ya kuielekeza kompyuta) uko wazi kwa wote. Haya ndiyo niliyoyapata nafasi ya kuyajibu.

Tuna programu yetu ya kuandikisha wakulima wa zabibu. Hitilafu tunaambiana WhatsApp. Kuna ubaya? (Ipagala)

Kuambiana si vibaya, vibaya ni kuishia hapo. Jumatatu mtu anaandika "inagoma". Zinafuata salamu za asubuhi, mchango wa harusi, picha ya mvua Chamwino. Ijumaa nani ataikumbuka? Fungueni orodha ya hitilafu palepale msimbo ulipo. GitHub, GitLab na Codeberg, tovuti za kuhifadhia msimbo, zote zinayo. Kila hitilafu inapata namba, inafungwa ikishatatuliwa, na mgeni wa mwakani akiitafuta anaiona. Kundi libaki la kukumbushana: "Jamani, namba 14 vipi?"

Nimeripoti hitilafu, mwenye programu akaifunga: "Kwangu inafanya kazi." Si dharau hii? (Mpwapwa)

Pole, lakini hapana. Uliandika, "Majina hayaingii, rekebisheni." Majina gani, ndugu yangu? Jaribu hivi: "Toleo 2.1, Windows 10. Nimeandika kata ya Ng'hambi, nikabonyeza Hifadhi. Nilitarajia Ng'hambi, imebaki Ng." Hapo hata aliye ng'ambo atashtuka. Kuna programu zinazotumia ritifaa (alama ya ') kufungia maneno, na zisipoandikwa kwa uangalifu, zikiikuta katikati ya jina zinadhani jina limekwisha. Kwa Wagogo majina ya namna hiyo ni tele, kwa hiyo hitilafu hii tutaiona sisi kabla ya mtu ambaye jina la kijiji chake halina ritifaa. Fungua ripoti upya, uandike hivyo.

Kila mmoja wetu ana nakala yake ya mwongozo. Tuhamie wiki, zile kurasa za mtandaoni zinazohaririwa na wengi? (Singida)

Maelezo ya kusakinisha na kutumia yawekeni folda moja na msimbo. Anayebadilisha kitufe abadilishe na sentensi inayokitaja, vyote vikaguliwe kwa pamoja. Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ndivyo ilivyo: ndani ya chanzo chake kuna folda nzima iitwayo Documentation. Tena aliyebaki na toleo la zamani anakuta mwongozo wa toleo lake, si wa kwenu wa leo.

Wiki inafaa kwa mambo yasiyofungwa na toleo, kama watu wa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, wanavyoandika humo namna ya kutambulisha aina za barabara. Mimi wiki naiogopa kidogo. Huanza kwa shangwe, baada ya miezi sita imeota nyasi.

LibreOffice (programu huria ya kuandikia nyaraka) ikiniharibia faili niseme wapi? (Kondoa)

Wao orodha yao ya hitilafu iko kwenye mfumo uitwao Bugzilla. Tafuta kwanza kama kuna aliyekutangulia. Akiwepo, ongeza ulichokiona wewe kwenye ripoti yake.

Nimegundua naona namba za simu za watu bila nywila. Niiandike kwenye orodha? (mwanafunzi, Dodoma)

Usithubutu! Orodha iko wazi, utakuwa umewaonyesha wezi mlango. Angalia kama kuna faili liitwalo SECURITY, humo huwa na anwani ya kuwaandikia faraghani. Lisipokuwepo, uliza tu hadharani, "Taarifa ya usalama nimpe nani?" Usiongeze neno.

Mtaa wetu umepewa jina la mtaa mwingine kwenye OpenStreetMap. Naripoti GitHub? (Kisasa)

Hapana, huko ni kwa hitilafu za programu. Hilo ni kosa la ramani: fungua akaunti ulirekebishe mwenyewe, au uache noti pale pale kwenye ramani. Ila waulize kwanza majirani, maana huenda jina unalolijua wewe ni la baa.