Kidato cha Kwanza hawafungui mdomo kipindi cha Kiingereza

Pole mwalimu mwenzangu. Darasa la wanafunzi 70 wanaoelewa Kiingereza ila hawasemi, nalijua. Shule ya msingi walisoma kwa Kiswahili, na kubwa zaidi wanaogopa kuchekwa. Kwa hiyo acha kumsimamisha mmoja mbele ya wote. Toa swali, wape dakika ya kufikiri, kisha wajibizane wawili wawili palepale kwenye dawati. Wewe pita ukisikiliza. (Kelele zitakuwepo, mtaarifu mwalimu wa darasa la jirani.) Makosa yaandike, uyasahihishe mwishoni bila kutaja jina. Mdahalo usubiri muhula wa pili. Viboko kwa anayeongea Kiswahili vinazidisha ukimya tu. Asiyesema hata kwa Kiswahili, mwite mzazi; huenda masikio yanahitaji kupimwa hospitali.