Barua kwa mwanangu: Hiyo karatasi ya laki sita

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani ya mama yako. Unasema kuna mtu hapo Kampala anaitaka filamu yako ya dakika 22, ile ya mke mgeni anayesikia mtu akichota maji usiku. Atakupa shilingi laki sita za Uganda, nawe uweke sahihi kwamba ni yake, "haki zote, milele". Halafu unauliza kama sasa uache kuhariri video za harusi na kwanjula, zile sherehe za utambulisho, ushike filamu za kutisha tu. Eti unaniuliza mimi kwa kuwa niliwahi kuwa mtu wa sinema.

Sinema gani, binti yangu? Nilikuwa na kibanda. Mabati, mikeka ya mafunjo, blanketi jeusi mlangoni, deki moja na jenereta iliyokohoa kuliko babu yako. Ila jibu ninalo: usiweke sahihi. Sababu zinakuja.

Kwanza nikuambie nilichojifunza pale Busia. Kanda zetu zilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Jini likitokea, uliona doa la kijivu likitembea kwenye mvua. Na bado watu walipiga mayowe, mwanamume mzima akamkanyaga muuza mandazi akikimbilia mlango. Usiku mmoja waya wa spika ukakatika katikati ya picha. Jini lile lile, doa lile lile, na kibanda kizima kikacheka. Nikaomba radhi, nikafunga waya kwa meno, sauti ikarudi, kicheko kikafa. Kwa hiyo ukipata fedha, kabla ya kamera nunua maiki nzuri. Katika filamu yako ile ndoo inasikika kama sufuria. Samahani, lakini ndivyo.

La pili ni la aibu. Kwa miaka yote ile sikumlipa mtengenezaji hata mmoja. Kanda moja ikija kutoka Kampala niliionyesha mpaka utepe ukachanika, na sikuwahi kujiuliza aliyeitengeneza amekula nini. Ada yako ya praimari ilitoka humo. Kwa hiyo anapokuja mtu na karatasi namjua, maana nilikuwa yeye, ila mimi sikuwa hata na karatasi.

Kuna Mmarekani, George Romero, alitengeneza filamu ya wafu wanaokula watu, Night of the Living Dead, mwaka 1968, kwa kama dola 114,000. Jina la filamu lilibadilishwa mwishoni, na walioandika jina jipya wakasahau kuweka ile alama ndogo ya hakimiliki. Kwa sheria ya kwao ya wakati ule, hilo lilitosha kuifanya iwe mali ya umma. Kila mwenye ukumbi akaionyesha, kila mwenye mashine akainakili, na sehemu kubwa ya fedha ikapita mbali na mlango wake. Alama tu, mwanangu! Wewe unataka kuitoa kwa hiari yako.

Laki sita si pesa mbaya, najua kodi ya nyumba huko. Lakini filamu fupi ya kutisha ni chambo. Sam Raimi alipokuwa kijana wa Michigan, na wenzake, walitengeneza moja ya nusu saa mwaka 1978 kwa dola 1,600 hivi, Within the Woods. Wakaizungusha kwa madaktari wa meno na wafanyabiashara wa mjini kwao, wakionyesha na kuomba mtaji. Mtaji huo ndio uliozaa The Evil Dead, 1981. Mwaka 2002 ikatoka Spider-Man, na aliyeiongoza ni mtu huyo huyo. Sasa fikiri kama ile nusu saa angekuwa ameiuza milele kwa mtu wa kwanza aliyebisha hodi.

Mjibu huyo bwana kwa adabu. Mwambie aonyeshe miaka miwili, Uganda tu, nakala mama ibaki kwako, na hadithi ya pili ya yule mke isiguswe. Akikataa, basi alitaka zaidi ya kuonyesha.

Nakala mama uiweke sehemu mbili. Nabwana, yule mtengeneza filamu wa Wakaliga hapo Kampala, ambaye nakubali ni wa mapigano zaidi kuliko mizimu, alifuta faili za Who Killed Captain Alex? kwa sababu kompyuta ilijaa na alikuwa na filamu nyingine ya kutengeneza. Filamu iliyojulikana dunia nzima imebaki ile tu yenye sauti ya VJ Emmie, msimulizi anayepiga domo picha ikiendelea, juu yake. Na Nabwana mwenyewe alikuwa akifyatua matofali kabla ya kamera, usisahau.

Ndiyo maana nasema harusi usiziache. Romero mwenyewe alikuwa akitengeneza matangazo ya biashara pale Pittsburgh. Oren Peli alikuwa mtu wa programu za kompyuta. Filamu yake ya kutisha, Paranormal Activity, aliipiga ndani ya nyumba yake, siku saba, kama dola 15,000. Bwana harusi anakulipia kamera Jumamosi, Jumapili usiku unaitumia kwa wanga wako. Sioni ubaya.

Neno moja ulikubali hata ukinuna. Basezi, wale wala maiti wa hadithi zetu, majini, wacheza usiku, tengeneza utakavyo, hao ni wetu wote. Kafara ya watoto, hapana. Nchi hii ilibidi Bunge litunge sheria yake mwaka 2021, na wapo akina mama waliozika. Usiwauzie tiketi ya msiba wao.

Jenereta bado iko stoo, fundi ameitazama. Shangazi yako amekubali ile nyumba ya zamani ya nyanya, yenye kisima, muitumie Desemba. Njoo na watu wasiozidi sita, vitanda havipo zaidi ya hapo. Mama yako anauliza kama yule mke mgeni anahitaji mama mkwe, maana anasema mayowe anayajua.

Baba yako,
Busia