Kabla hujaandika ukurasa wa kufungulia faili zako

Ami yangu amerekodi kaseti kwa zaidi ya miaka 20: maulidi ya Riyadha, kasida, mashairi yaliyosomwa barazani, harusi za Langoni na Mkomani. Zilikaa kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda, na kwa hewa yetu ya chumvi hapa Lamu baadhi ya tepu zilishaanza kushika ukungu. Mimi na binamu yangu tukazihamisha moja moja kuwa MP3 na kuziweka kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kuenea kiganjani, tuliyoiweka ndani ya kidaka sebuleni. Ikabaki kazi ya ukurasa: Ami afungue simu, azione kaseti zake, abonyeze, asikilize. Nilikuwa sijawahi kutengeneza kitu cha namna hiyo. Kama na wewe unaanza, haya ndiyo ningependa mtu angeniambia mapema.

Usiandike msimbo wowote bado. Seva yenyewe, yaani programu inayotoa faili kwa kivinjari, inajua kuorodhesha faili. Kwa seva ya Apache ni mstari mmoja kwenye mipangilio yake, `Options +Indexes`; kwa seva ya Nginx ni `autoindex on;`. Ukifungua folda isiyo na `index.html`, orodha inatokea. Orodha ya Apache hukata majina marefu, lakini `IndexOptions FancyIndexing NameWidth=*` huyaacha yalivyo. Ukipata 403 (kosa la kunyimwa ruhusa) licha ya hayo, tazama ruhusa: folda 755, faili 644, yaani mwenyewe aandike na wengine wasome tu, na kila folda iliyo njiani kuanzia juu iwe inaruhusu kupita. Mimi nilipoteza jioni nzima nikikagua folda ya mwisho peke yake, kumbe iliyofungwa ilikuwa ya juu yake.

Orodha hiyo ya kawaida mpe atakayeitumia, kisha nyamaza umtazame. Ami aliishika simu, akaivuta karibu na macho, akapandisha na kushusha kidole. Kisha akaniita: “Ndoo, mwanangu. Mbona zote ni za mwezi huu?” Safu ya tarehe ilikuwa inaonyesha siku tuliyonakili faili, si siku Ami aliyorekodi. Halafu “Kaseti 10” ilikuwa imekaa mbele ya “Kaseti 2”, kwa sababu kompyuta inalinganisha herufi kwa herufi, na 1 inatangulia 2.

Hapo nikaelewa kwamba kazi yenyewe ilikuwa kwenye majina. Lebo za kaseti Ami aliziandika kwa kalamu, kwa mwaka wa Hijria: “Maulidi, Mfungo Sita 1408”. Mwaka huo anaujua. 1987 ingebidi akae apige hesabu. Basi kila faili ikaanza na mwaka wake yeye: `1408-06-maulidi-riyadha-02-a.mp3`. Hiyo 06 ni Mfungo Sita kwa hesabu yetu ya mifungo, 02 ni namba ya kaseti ndani ya hafla, a ni upande wa kwanza. Namba zote zina tarakimu mbili, kwa hiyo zinajipanga zenyewe. Herufi ni ndogo tupu, kwani Linux, mfumo unaoendesha Pi yetu, huona `Maulidi` na `maulidi` kuwa vitu viwili, na ukurasa uliofanya kazi kwenye laptopu ya Windows utakufia ukifika kwenye seva. Kuyapanga majina kulituchukua wiki tatu, Ami akisikiliza mwanzo wa kila faili na kututajia ni hafla gani na msomaji ni nani. Sijutii hata siku moja ya wiki hizo.

Baada ya hapo ukurasa wenyewe ni mfupi. Nilitumia PHP, lugha ya kuandikia kurasa upande wa seva: `scandir` inakupa vilivyomo kwenye folda, unatupa kila kinachoanza na nukta, unaandika viungo. Lakini sisi tunaoandika Kiswahili tuna mtego wetu, nao ni ritifaa, alama ya `'`. Faili zetu za zamani zilikuwa na majina kama `Nyimbo za ng'ambo.mp3`. Msimbo wangu uliandika hivi:

`<a href='Nyimbo za ng'ambo.mp3'>`

Kivinjari kinasoma kuanzia ritifaa ya kwanza, kinafika kwenye ng, kinakuta ritifaa nyingine na kudhani jina limeishia hapo. Ukibonyeza unapelekwa kwenye “Nyimbo za ng”, na faili kama hiyo haipo. Jina linaloingia kwenye kiungo lipitishe `rawurlencode`, inayozigeuza alama kama hizo ziwe salama ndani ya anwani, lakini kipande kimoja kimoja cha njia, la sivyo hata mikwaju (`/`) itageuzwa. Usitumie `urlencode` hapa, maana hiyo hugeuza nafasi kuwa alama ya kujumlisha. Jina linaloonekana kwa msomaji lipitishe `htmlspecialchars`, inayozifanya alama za HTML zisomeke kama maandishi tu. Ni mambo mawili tofauti na yote mawili yanahitajika.

Pia usisome faili za sauti kwa PHP ukazimimina kwa msikilizaji. Upande mmoja wa kaseti ya dakika 90 ni dakika 45, ambazo kwa 128 kbps ni kama megabaiti 43. Seva ikiitoa faili yenyewe, msikilizaji anaweza kuruka hadi dakika ya 30 na simu ikaomba kipande hicho tu. Ukiitoa kwa `readfile` bila kuongeza chochote, uwezo huo unapotea, na mzee anayetafuta beti moja atalazimika kusubiri. Ukurasa wako uorodheshe tu. Kubeba iachie seva.

Sasa nije kwenye lile lililonikosesha usingizi. Kaseti za harusi zina nyimbo za wanawake walizoimba ndani, wao kwa wao. Shangazi alikubali zihifadhiwe kwa sharti moja: zisisikilizwe na mtu wa nje. Nikaziweka kwenye folda yake, `/srv/kaseti-za-ndani`, pembeni ya `/srv/kaseti`, nikaamini kuwa ziko salama. Ukurasa wangu ulikuwa unapokea jina la folda kupitia anwani, `?folda=kasida`. Nilishasikia habari za nukta mbili, kwamba mtu akiandika `../` anapanda juu ya folda uliyomwekea, kwa hiyo nikaigeuza njia kwa `realpath`, inayotoa njia kamili isiyo na nukta mbili, na kuhakikisha inaanza na `/srv/kaseti`.

Binamu yangu akakaa akaandika `?folda=../kaseti-za-ndani`. Orodha ikafunguka. Hebu zitazame njia hizo mbili: `/srv/kaseti-za-ndani` nayo inaanza na `/srv/kaseti`. Sauti hazikuweza kufunguka, kwa kuwa seva haikuwa inaitoa folda ile, lakini majina ya faili yalisomeka, na kila jina lilikuwa jina la bi harusi. Dawa ni mkwaju mmoja: linganisha na `/srv/kaseti/`, wenye mkwaju mwishoni, na folda ya mwanzo yenyewe uiruhusu kwa sharti lake, kwamba njia iwe `/srv/kaseti` kamili. `realpath` ikirudisha uongo, simama hapo hapo usiorodheshe kitu.

Bahati ni kwamba ukurasa haukuwa umetoka nje ya Wi-Fi ya nyumbani. Kwa hiyo kabla hujamtumia mtu yeyote anwani, kaa uandike upuuzi kwenye anwani hiyo mwenyewe: nukta mbili, folda isiyokuwepo, jina lenye ritifaa, jina lenye alama ya `<`. Kisha mpe mwingine naye ajaribu kuuvunja ukikaa pembeni yake, kwa sababu wewe ushazoea kupita njia uliyoijenga.

Nilimweleza Shangazi kila kitu siku ile ile, pamoja na majina yaliyoonekana na nani aliyaona. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa nini nyimbo zao zikae nyumba moja na zile za watu wote. Sikuwa na jibu. Tukaiondoa folda ile kabisa kwenye kompyuta na kuihamishia kwenye diski ya nje. Diski hiyo iko ndani ya sanduku lake, na ufunguo anao yeye.