Muulize Mwalimu wa Wadudu: Ukoo wa kimulimuli husomwa kwa mama

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mdogo wangu anasoma Nagoya, Japani. Mwezi wa sita alinitumia video ya vimulimuli kando ya mto, wanawaka na kuzima kwa pamoja kila baada ya sekunde 2 hivi. Rafiki yake anayeishi karibu na Tokyo anasema wa kwao hukawia, kama sekunde 4, na wenyeji wa pande zote mbili wanawaita Genji. Nimesoma mahali kwamba wataalamu walitumia "DNA ya mama" kuwachunguza. Hiyo DNA ya mama ni nini? Na hawa ni aina moja au mbili? *Msomaji, Muheza*

JIBU: Marahaba mwanangu. Mdogo wako na rafiki yake wote wanasema kweli. Genji ni aina moja, na kwao ni Japani tu, katika visiwa vya Honshu, Shikoku na Kyushu. Madume wa magharibi huwaka kila baada ya sekunde 2 hivi, wa mashariki kila baada ya 4, na mpaka wao unakaribiana na Fossa Magna, bonde la kale linalokata Honshu katikati. Mdogo wako akitaka kulinganisha, ahesabu usiku wenye joto linalolingana, maana baridi humpunguzia mdudu kasi.

Sasa DNA ya mama. Ndani ya seli kuna mitokondria, vile vijisehemu vinavyotengeneza nishati, navyo vina DNA yao wenyewe mbali na ile iliyomo kwenye kiini. Ya kwenye kiini mtoto huipata nusu kwa baba, nusu kwa mama. Ya mitokondria hupitia kwenye yai, kwa hiyo inamfuata mama, bibi, na mama yake bibi, jinsi Waluguru wanavyohesabu ukoo. Haichanganywi upya kila kizazi. Kinachobadilika ni herufi moja moja, yaani vile vijenzi vidogo vinavyofuatana kwenye uzi wa DNA, na mabadiliko hayo yakirundikana tunaweza kusema nani amejitenga na nani, na nani alitangulia kujitenga.

Tena ni fupi. Kimulimuli Pyrocoelia rufa alisomwa DNA yote ya mitokondria huko Korea, matokeo yakachapishwa mwaka 2004: herufi 17,739, jeni 37. DNA ya kiini ya kimulimuli wa Marekani, Photinus pyralis, ina herufi zaidi ya milioni 400. Halafu kila seli ina nakala nyingi mno za ile fupi, ndiyo maana hata mdudu aliyekaushwa zamani kwenye sanduku la makumbusho bado anaweza kutueleza jambo.

Kazi hii nimeifanya maabara miaka mingi, na huanza na mguu. Unaung'oa mguu mmoja wa nyuma kwa kibano, unautia kwenye kichupa kidogo chenye kimeng'enya kinachoyeyusha nyama, unaulaza usiku kucha kwenye joto la nyuzi 56. Tumbo tunaliepuka. Buu wa Genji huishi majini akila konokono, na ukimsaga mzima unaweza kujikuta unasoma DNA ya konokono. Asubuhi nyama imeyeyuka yote, mguu umebaki ganda tupu la rangi ya asali, na miiba yake midogo bado imesimama. Ganda hilo hatulitupi. Linarudi kwenye pini pamoja na mwili wake, ili atakayekuja baadaye aweze kuhakikisha tulimpima nani.

Huko Japani, Suzuki, Sato na Ohba walisoma jeni moja ya mitokondria ya Genji, iitwayo COII, kutoka mito mingi. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2002. Walipata makundi sita ya ukoo wa mama, kila moja na eneo lake, na wa mashariki wametengana na wa magharibi. Kwa hiyo jibu lako ni aina moja yenye koo zilizoachana zamani, na kila upande una mwendo wake wa kuwaka.

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mito ya Japani ilipochafuka na vimulimuli wakapungua, watu waliowapenda walichukua Genji wa magharibi wakawaachia kwenye mito ya mashariki. Miaka ikapita, watafiti wakapima, wakakuta DNA ya mama wa magharibi katika mito ya mashariki. Watu wale walikuwa na nia njema kabisa. Lakini mwako ule ndio dume anaoutumia kumtafuta jike, na koo zikishachanganyika hakuna wa kuzitenganisha tena. Ndiyo maana namwomba kila mwenye hamu ya kurudisha vimulimuli mtoni kwake: safisha maji, waache konokono, zima taa za ukingoni, wape nafasi wale wachache waliobaki hapo hapo. Usiagize wa mbali.

Neno moja la tahadhari. Mitokondria ni shahidi mmoja, na hajui lolote la upande wa baba. Wadudu wengi hubeba bakteria aitwaye Wolbachia, anayerithiwa pia kwa mama. Akienea kwenye kundi huisambaza pamoja naye mitokondria ya jike aliyeanza kumbeba, na mti wa ukoo utakaouchora hapo utakupotosha. Mchunguzi makini hupima na jeni za kiini, na hukagua maumbile ya mdudu mwenyewe, hasa viungo vya uzazi vya dume. Mwaka 2022 Genji alihamishwa kutoka jenasi Luciola akapewa jenasi mpya, Nipponoluciola, kwa hiyo vitabu vya zamani bado vina jina la kwanza.

SWALI: Mwalimu, mitokondria inahusika na ile taa yenyewe, au ni ya ukoo tu? *Mwanafunzi wa kidato cha tano, Mombasa*

JIBU: Inahusika sana. Mwanga hutokea lusiferini, kemikali ya mwanga iliyomo kwenye taa, inapokutana na oksijeni, kwa msaada wa kimeng'enya lusiferase na nishati ya ATP, na hiyo ATP ni kazi ya mitokondria. Zaidi ya hapo, katika seli za taa mitokondria zimejipanga pembezoni, karibu na mirija ya hewa, na kemikali za mwanga ziko ndani zaidi. Kwa kawaida mitokondria huila oksijeni yote kabla haijafika ndani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulionyesha kwamba neva ikitoa amri, hutengenezwa gesi ya nitriki oksidi, nayo huzisimamisha mitokondria kwa muda mfupi. Oksijeni inapenya, taa inawaka. Mitokondria zikirudi kazini, taa inazima. Mwambie mwalimu wako wa biolojia akuchoree seli hiyo ubaoni, utaona mpangilio wake ulivyo mzuri.

SWALI: Kuna mbawakawa wengine wanaowaka Amerika, wale wanaojirusha kwa mlio wa "tak" ukiwalaza chali. Je, nao ni vimulimuli? *Msomaji, Bujumbura*

JIBU: Hapana, ni jamaa wa karibu tu, wa familia ya Elateridae. Mwaka 2018 DNA ya mmoja wao kutoka Puerto Rico, Ignelater luminosus, ililinganishwa na ya vimulimuli wawili, wa Marekani na wa Japani. Ushahidi ulionyesha kwamba familia hizi mbili zilipata lusiferase kila moja kivyake, zote zikianzia kwenye kimeng'enya cha kawaida kinachoshughulikia mafuta mwilini.