Maswali na majibu: Daktari wa Mad Max na nguruwe mchunga kondoo

Maswali yaliyo hapa chini yanamhusu George Miller, daktari wa Australia aliyeacha hospitali akawa mtayarishaji na mwongozaji wa filamu. Baadhi nimeyafupisha, na yaliyouliza jambo moja nimeyaunganisha.

Nimeona jina la George Miller kwenye filamu ya magari jangwani, kisha nikaliona tena kwenye katuni ya watoto. Ni mtu mmoja, au ni majina tu yamefanana? (Msomaji, Mwanza)

Ni mtu mmoja, ingawa shaka yako ina msingi, kwa kuwa Australia imekuwa na waongozaji wawili wenye jina hilo. Yule mwingine, mzaliwa wa Scotland, aliongoza The Man from Snowy River mwaka 1982, na mpaka leo wapo wanaowachanganya. Huyu wetu alizaliwa mwaka 1945 katika mji mdogo wa Chinchilla, Queensland. Ndiye aliyetengeneza Mad Max mwaka 1979, ya kwanza katika mfululizo wa filamu za magari, na ndiye aliyetengeneza Happy Feet mwaka 2006, hadithi ya ngwini asiyejua kuimba lakini mwenye miguu isiyotulia, iliyompatia Oscar ya filamu bora ya katuni. Miguu ile, kwa taarifa yako, ni ya mchezaji dansi wa Marekani Savion Glover, ambaye miondoko yake ilinaswa kwa kompyuta na kuvishwa ndege.

Daktari kijana alizipata wapi fedha za kutengeneza filamu? (Msomaji, Nakuru)

Nyingine alizichuma kwa udaktari wenyewe. Mwaka 1971 Miller alikutana na Byron Kennedy katika mafunzo ya filamu mjini Melbourne, wakatengeneza filamu fupi pamoja, na urafiki huo ukazaa kampuni ya Kennedy Miller. Walipotaka kuanza Mad Max walifanya kazi ya kuitikia wito wa wagonjwa wa dharura: Kennedy akiendesha gari, Miller akitibu. Sehemu kubwa iliyobaki waliichangisha kwa watu binafsi, na filamu nzima ikagharimu dola za Australia kati ya 350,000 na 400,000. Ilivuna zaidi ya dola milioni 100 duniani, na kwa miaka mingi, hadi The Blair Witch Project ilipotoka mwaka 1999, ndiyo iliyoshikilia rekodi ya faida kubwa kuliko zote kwa kulinganisha na gharama.

Mimi huihesabu Mad Max kuwa filamu ya tabibu. Miller alikulia mahali ambapo barabara ni ndefu, zimenyooka, na vijana huendesha kwa fujo. Baadaye, katika chumba cha dharura, aliwapokea majeruhi wa barabara hizo hizo. Ndiyo maana ajali katika filamu zake hazina raha ya mchezo wa watoto. Mtazamaji huhisi uzito wa chuma na wepesi wa mfupa. Kennedy mwenyewe, ambaye ndiye aliyekuwa mtayarishaji wa filamu mbili za mwanzo za Mad Max, alifariki katika ajali ya helikopta mwezi Julai 1983, akiwa na umri wa miaka 33. Miller hakuliondoa jina lake kwenye kampuni.

Kama filamu ya Babe iliongozwa na Chris Noonan, kwa nini husemwa kuwa ni ya Miller? (Msomaji, Dar es Salaam)

Swali hili linagusa kazi ambayo watazamaji wengi hawaioni. Mwongozaji husimama nyuma ya kamera na kuamua tukio lionekane vipi. Mtayarishaji huitafuta hadithi, hununua haki zake, hukusanya fedha na watu, kisha husubiri. Katika Babe kusubiri kulichukua takribani miaka 10. Miller alikipenda kitabu cha mwandishi Mwingereza Dick King-Smith kuhusu nguruwe anayejifunza kuchunga kondoo, lakini alitaka wanyama halisi wanaozungumza, na teknolojia ya kufanya hivyo ilikuwa bado haijakomaa. Ilipokomaa, aliandika muswada pamoja na Noonan, akamkabidhi Noonan uongozaji, na kazi ikafanyika katika mashamba ya Robertson, New South Wales. Kwa kuwa nguruwe hukua haraka, iliwalazimu kutumia vitoto 48 kwa nafasi ya mhusika mmoja.

Filamu hiyo ya mwaka 1995 ilipata uteuzi wa Oscar mara 7, ukiwemo wa filamu bora, na ikashinda katika madoido ya picha. Noonan anastahili heshima yake kamili, wala sioni haki kumsahau kama wengi wanavyofanya. Hata hivyo, bila ya mtu aliyekaa na wazo lile muongo mzima, kusingekuwa na nguruwe wa kuongozwa. Sehemu ya pili, ambayo Miller aliiongoza mwenyewe mwaka 1998, ilikuwa na giza ambalo wazazi hawakulitarajia, na haikurudisha gharama zake. Kwangu mimi ni filamu bora kuliko sifa zake.

Je, kuna filamu yake yoyote inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki? (Msomaji, Kampala)

Ipo, na ni watu wachache wanaoikumbuka. Kampuni yake ilitayarisha Flirting, filamu ya mwaka 1991 iliyoongozwa na John Duigan, kuhusu mvulana wa shule ya bweni huko Australia mwaka 1965 anayempenda msichana wa Uganda, mpaka machafuko ya siasa kwao Uganda yanapowatenganisha. Msichana huyo aliigizwa na Thandiwe Newton, akiwa ndiyo kwanza anaanza, na miongoni mwa wanafunzi wenzake utawaona Nicole Kidman na Naomi Watts. Msichana anaonyeshwa kuwa na akili na heshima kuliko wote wanaomzunguka, jambo lililokuwa adimu wakati huo. Lakini mhusika naye anaitwa Thandiwe, jina la kusini mwa Afrika, na msomaji wa Kampala atakuwa na haki ya kutabasamu.

Katika Lorenzo's Oil wazazi wanagundua mafuta ya kumtibu mtoto wao. Je, mafuta hayo yanaponya kweli? (Msomaji, Mombasa)

Hayaponyi mtoto ambaye ugonjwa umekwisha kumwanza. Hadithi yenyewe ni ya kweli: Augusto na Michaela Odone walitafiti wenyewe ugonjwa wa kurithi wa ubongo uliompata mwana wao, na wakasaidia kupatikana kwa mchanganyiko unaotokana na mafuta ya zeituni na ya mbegu za rapa. Filamu hiyo ya Miller ya mwaka 1992 ilikosolewa na madaktari kwa kuwapa wazazi matumaini makubwa mno. Utafiti wa baadaye uliashiria kwamba mafuta huenda yakapunguza hatari kwa wavulana ambao dalili hazijaanza. Lorenzo aliishi hadi mwaka 2008, akafariki siku moja baada ya kutimiza miaka 30.

Kwa nini Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015 ilipigwa picha Namibia badala ya Australia, na kwa nini wahusika wanazungumza kidogo hivyo? (Wasomaji wawili, Arusha na Zanzibar)

Mvua ndiyo iliyofanya. Mandhari ya Broken Hill, huko Australia, yaliyokuwa yamekusudiwa yalinyeshewa sana, jangwa likachanua maua, na dunia iliyokufa haiwezi kuwa na maua. Msafara wote wa magari ulisafirishwa hadi jangwa la Namib, ambako kazi ilifanyika mwaka 2012.

Kuhusu ukimya, Miller hupenda kukumbusha kauli ya mwongozaji Alfred Hitchcock kwamba filamu itengenezwe hivi kwamba mtazamaji wa Japani asihitaji kusoma tafsiri. Kabla ya muswada wa kawaida, filamu ilichorwa takribani picha 3,500. Saa 480 za picha zilizopigwa zilipunguzwa hadi saa mbili na mhariri Margaret Sixel, mke wa Miller, aliyekulia Afrika Kusini, na mojawapo ya Oscar 6 za filamu hiyo ni yake. Waliozoea mabanda ya video, ambako mtu huketi na kipaza sauti akitafsiri kila neno, watagundua kwamba kwa filamu hii mtafsiri angekuwa na muda mrefu wa kunywa chai.

Nianze na ipi? (Msomaji, Muscat)

Ukiwa na watoto, anza na Babe. Ukiwa peke yako, anza na Mad Max ya kwanza, ila hakikisha ni nakala yenye sauti za waigizaji wenyewe, kwani ilipopelekwa Marekani mwaka 1980 sauti zao zilibadilishwa zikawekwa za Wamarekani, hata ya Mel Gibson, mwigizaji mkuu.