Namba ya simu niliyoikumbuka ni ya mtu niliyeachana naye

Mmetuuliza wiki hii, kuhusu Kombe la Mataifa ya Afrika: "Kitu gani kimoja utabeba uwanjani AFCON 2027 ili uwe salama?" Najua majibu mtakayopata. Pochi ya kiunoni, kitochi badala ya simu kubwa, hela igawe nyingine weka kwenye soksi. Sawa, vibaka wapo, sikatai. Ila mimi jibu langu la kwanza lilikuwa usiende kabisa, lipia kibanda umiza cha mtaani kwako, ukiibiwa huko angalau utaibiwa na mtu unayemjua.

Manake mimi uwanjani siogopi mwizi, naogopa geti. Mwizi anachukua simu anaondoka zake. Tarehe 28 Mei 2023 hapa hapa Dar, uwanja wa Mkapa, Yanga na USM Alger ya Algeria, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mechi ya kwanza, mtu mmoja alifariki kwenye msongamano na wengine kama 30 wakaumia, watu waliotoka nyumbani wamevaa jezi wanaimba. Na Cameroon, Januari 2022, uwanja wa Olembe pale Yaoundé, wenyeji wanacheza na Comoro, wakafa watu 8 mbele ya geti lililotakiwa kuwa wazi likakutwa limefungwa. Hiyo ni AFCON, mashindano yenyewe haya tunayoyaleta sisi na Kenya na Uganda. Hao 8 kila mmoja angekuwa na pochi ya kiunoni ingemsaidia nini?

Halafu tunasema "walikanyagana", kumbe wengi kwenye matukio kama haya wanakufa wamesimama. Kifua kinabanwa mbele na nyuma, pumzi haiingii, na aliyeko nyuma kabisa anasukuma huku anacheka kwa sababu haoni mbele kuna nini. Ndo maana wanashauri mikono iweke mbele ya kifua kama bondia upate nafasi ya kupumua, usishindane na wimbi, jisogeze pembeni kidogo kidogo kila likitulia, na kiatu kikikutoka mguuni kiache. Hilo la kiatu naomba mlisikie kwangu mimi mwenyewe.

Ijumaa ya tarehe 22 Agosti 2025, robo fainali ya CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, sisi Tanzania na Morocco, nilimpeleka mtoto wa dada yangu. Ana miaka 9, mimi ni mama yake mdogo, na dada alinikabidhi kwa maneno mengi mpaka nikakasirika, nikamwambia we dada, mimi nimeanza kuja Taifa, huu huu wa Mkapa, hujaolewa. Mechi yetu ni saa mbili usiku, tuko kwenye foleni mapema, na jioni ile ile Kenya wako Kasarani, Nairobi, na Madagascar, moja moja, wameenda mpaka matuta. Sasa kwenye foleni nzima pale karibu yetu mwenye bando ni mimi. Nikainua simu juu watu kama kumi na tano wananichungulia begani, kuna baba mmoja sijui katoka wapi ameniwekea kidevu kabisa, Harambee Stars wakatolewa 4-3, foleni ikagawanyika, wengine wanasikitika wengine wanacheka kile kicheko cha kimbea tunachokijua. Nikaangalia chaji, asilimia 11. Nikasema potelea mbali, si tunaangalia mpira.

Kipindi cha pili Morocco wakatufunga kimoja, na hicho hicho kikatutoa. Simu ilishazima kabla ya dakika ya tisini.

Mkishinda watu wanabaki wanaimba, wanatoka kidogo kidogo. Mkifungwa wote wanataka kuondoka dakika ile ile, wamenuna, hakuna anayemwambia mwenzie samahani. Nimemshika mtoto mkono, tumeshatoka nje tunatafuta upenyo, mara kandambili yangu ya kushoto ikabaki nyuma. Nikaachia mkono nikainama. Sekunde tatu tu. Mtu akanigonga na goti begani nikapiga magoti, nikainuka na kandambili mkononi, mtoto hayupo.

Nisiwadanganye, nilipiga kelele kama nimefiwa. Nikarudi nyuma nikasukumwa, nikaenda mbele, kila mtoto amevaa jezi ya Stars, kila ninayemgeuza sio. Kijana mmoja mwenye jezi ya Simba akaniona, akanitoa pembeni, akanipa simu yake, "Dada tulia, piga kwenu." Nikaishika. Nikaiangalia. Sijui namba ya mtu yeyote! Ya dada siijui. Ya shemeji siijui. Ya mama yangu mzazi niliyempigia asubuhi siijui, nilichokuwa nakijua ni kubonyeza jina "Mama". Yule kijana ananiangalia kama nimechanganyikiwa, na kweli nilikuwa nimechanganyikiwa.

Namba moja tu ilikuja kichwani, tena yote kumi bila kukosea, ya jamaa niliyeachana naye 2019, kwa sababu enzi zile nilikuwa namrushia vocha kila siku. Nikapiga. Akapokea, nikajitaja, na neno la kwanza la yule mwanaume, naomba mlisome vizuri, "Nilijua tu ipo siku utanitafuta." Nikamwambia nyamaza, una namba ya dada? Anayo. Anayo kwa sababu dada anamdai mpaka leo.

Dada akapokea hata haijaita vizuri. "Wewe umezima simu uko wapi? Mwanangu yuko kwa mama wa mahindi, upande wa Uwanja wa Uhuru, amenipigia nusu saa nzima imepita!"

Nikamkuta amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mkononi gunzi limebaki na punje chache, mdomo una masizi. Alipoona hanioni hakukimbia ovyo, alimfuata mwanamke aliyekaa sehemu moja anauza, akamwamkia shikamoo, akaomba simu, akataja namba ya mama yake kichwani. Shuleni wanaimbishwa namba za wazazi. Yule mama wa mahindi akaniangalia juu mpaka chini, kandambili bado nimeishika, akasema "Kumbe aliyepotea ni mkubwa." Hela ya mahindi alikataa.

Sasa narudi kwenye swali lenu. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema watoto wasiende kabisa, na wakubwa nao wafikirie mara mbili. Naona siwezi tena, mtoto ndo alikuwa na akili usiku ule. Wala siwezi kumlaumu mtu wa geti, kwa kisa changu mimi geti halihusiki, nilimaliza chaji kwa umbea na nikainamia kandambili ya kununua Tandika. Na hata wanaopanga mechi, wakiamua kuzuia msongamano inawezekana. Kasarani kwenye CHAN ile ile watu walivamia mageti, CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakapunguza idadi ya watazamaji mpaka 27,000, Wakenya walilalamika sana na mimi niliwacheka, siku hizi siwacheki.

Kwa hiyo nitaenda. Sio mechi ya Stars ya usiku, hapana, hiyo nitaiangalia kibandani. Nataka mechi ya mchana ya watu wengine, ikiwezekana Arusha kwenye uwanja mpya, ule ni wa watu 30,000 hivi, nusu ya wa kwa Mkapa, kama ratiba itakubali na nauli ikiwepo. Viatu vya kamba. Tunafika mapema, na filimbi ya mwisho ikilia tunabaki tumekaa tunakula karanga mpaka jukwaa libaki na wafagizi. Mtoto ananiambia nisijali, nikipotea atanitafuta.

Dada bado hajakubali. Anasema kwanza nimtajie namba yake bila kuangalia simu, nimeshajaribu mara nne, zile mbili za mwisho huwa nazigeuza.